Hema Letu Tulipige Wapi?

Dominika ya Tatu ya Mwaka A
Masomo: Isa 8:23–9:3, 1 Kor 1:10-13, 17, Mt 4:12-23



Mwezi huu wa Januari barabara zetu hupitiwa na mizigo ya watu wanaohama. Juu ya malori tunaona magodoro yaliyofungwa kwa kamba, kabati lililolazwa ubavu, meza iliyoelekeza miguu juu, na pengine kuku wawili ndani ya tenga. Shule zinafunguliwa, nao wazazi waliopokea barua za uhamisho wanataka watoto wauanze mwaka mahali papya. Mwalimu anatoka Songea kwenda Bukoba, muuguzi anatoka Tanga kwenda Kigoma, karani anatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Na kila mmoja wao, lori likisha kuingia mjini, huulizwa na dereva swali fupi: "Tunashusha wapi?"

Swali hilo laonekana kuwa la dereva na wapakuzi tu. Sisi tunataka leo kuonyesha kwamba ni swali la imani pia.

Injili tuliyoisikia, ndugu wapendwa, nayo inasimulia uhamisho. Mwinjili Mathayo anatuambia kwamba Bwana wetu, alipopata habari ya kufungwa kwa Yohane, aliondoka Nazareti akaenda kukaa Kapernaumu, mji ulio kando ya ziwa, katika nchi ya Zabuloni na Neftali. Mara nyingi tunayapita maneno hayo upesi, kwa kuwa tuna haraka ya kufika ufukoni tuwaone Petro na Andrea wakiziacha nyavu zao. Leo tusimame kidogo hapo. Mwana wa Mungu alihama. Aliacha kijiji alimolelewa, penye karakana ya Yosefu na watu waliomjua tangu utoto, akachagua makao mengine kwa ajili ya kazi aliyotumwa na Baba.

Tena angalieni alichagua wapi. Hakwenda kukaa Yerusalemu penye Hekalu na wakubwa wa dini. Hakwenda Tiberia, mji mpya uliojengwa na Herode Antipa kando ya ziwa lilelile, wenye majengo ya fahari. Alikaa Kapernaumu, mji wa wavuvi, penye kituo cha ushuru alikoitwa Mathayo, penye akida wa Kirumi aliyekuwa na mtumishi mgonjwa. Alikaa mahali ambapo kazi yake na majirani zake walikuwa umbali wa hatua chache. Mwinjili Marko anatueleza kwamba, alipotoka katika sinagogi, aliingia nyumbani kwa Simoni akamkuta mkwewe ana homa. Na jua lilipokuchwa mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Siku nyingine, habari zilipoenea kwamba yumo nyumbani, watu walijaa hata wanaume wanne wakalazimika kutoboa dari ili wamteremshe rafiki yao aliyepooza. Ndivyo ilivyokuwa nyumba aliyokaa Bwana: majirani waliujua mlango wake, na mlango ulipokosa nafasi walipitia juu.

Sasa tumweke pembeni yake mtu mwingine aliyechagua mahali pa kukaa. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, tunasoma habari za Abramu na Lutu, mwana wa ndugu yake. Mifugo yao ilikuwa imeongezeka hata malisho hayakutosha, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu, aliye mkubwa, alimwachia kijana achague kwanza: akienda kushoto, mzee atakwenda kulia. Lutu aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lenye maji tele, zuri kama bustani. Akalichagua lote. Maandiko hayatuambii kwamba aliuliza lolote juu ya watu wa huko. Alitazama maji na majani, ikatosha.

Yaliyofuata mnayajua. Kwanza Lutu alipiga hema karibu na Sodoma. Sura inayofuata, tayari anakaa ndani ya Sodoma, na vita vilipozuka alichukuliwa mateka pamoja na mali yake, hata Abramu akatoka na watu 318 kwenda kumkomboa. Katika sura ya 19 tunamkuta ameketi langoni pa mji kama mwenyeji, na kulipopambazuka ilibidi malaika wamshike mkono ili atoke, kwa maana alikuwa anasitasita. Hakuna siku hata moja ambayo Lutu aliazimia kuwa mtu wa Sodoma. Alichagua malisho, nayo malisho yakamchagulia majirani, na majirani wakawachagulia watoto wake desturi. Naye Abramu? Alikwenda kukaa karibu na mialoni ya Mamre, huko Hebroni, na jambo la kwanza tunaloambiwa kwamba alilifanya huko ni kumjengea Bwana altare.

Ndugu wapendwa, tusimhukumu Lutu upesi mno. Maji ni kitu chema. Malisho ni kitu chema. Baba wa familia asiyeuliza habari za maji kabla ya kupanga nyumba ni mzembe. Kosa la Lutu ni kwamba aliishia hapo.

Tunasema haya tukiwa Dodoma, na pengine hakuna mji katika nchi yetu ambako swali la dereva wa lori limeulizwa mara nyingi kama hapa. Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka zaidi ya 40 uhamisho ulikwenda polepole. Ilipofika Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huohuo, na watumishi wa umma wakaanza kufuata, wizara baada ya wizara. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, yapata kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, katika barabara iendayo Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji hili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Nyuma ya tarakimu hizo kuna maelfu ya familia zilizosimama na mizigo yao na kuuliza: tukae Kisasa au Nzuguni? Ihumwa au Miyuji? Tupange Nkuhungu penye nafuu, au tujibane karibu na ofisi?

Wenyeji wetu Wagogo wana simulizi juu ya jina la mji huu. Husema kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akazama matopeni asiweze kujinasua, na neno lao la kuzama ndilo lililozaa jina Dodoma. Tembo yule hakuwa na kosa kutafuta maji. Aliyaona maji tu, hakujua tope lililo chini yake.

Wapendwa, tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe, na tunalisimulia kwa idhini ya wahusika, pasipo kuwataja. Mwaka 2017 alifika ofisini kwetu parokiani baba mmoja, mtumishi wa umma, aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Huko alikuwa akiishi Mbagala, katika nyumba ya vyumba viwili, amezungukwa na watu kila upande. Alileta barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wake, akatuuliza: "Baba, mtaa gani hapa ni mzuri?" Tulimjibu kwa bidii. Tulimweleza ni wapi maji hutoka mara nyingi na wapi hukatika, wapi kuna barabara ya lami, wapi kodi imepanda na wapi haijapanda. Tukampa hata namba ya simu ya dalali tuliyemfahamu. Barua yake tuliiweka ndani ya jalada. Tulimjibu kama madalali, tukasahau kwamba tuliwekwa kuwa wachungaji.

Alipata nyumba nzuri upande wa magharibi, katika barabara iendayo Singida. Ilikuwa na vyumba vinne, sakafu ya vigae, ukuta mrefu na lango la chuma. Aliilipia kodi ya mwaka mzima. Mkewe na watoto watatu walimfuata Januari iliyofuata. Ofisi yake wakati ule ilikuwa mjini, na safari haikuwa ndefu. Lakini mwaka 2019 wizara ilipohamia Mtumba, alilazimika kuvuka jiji zima kila asubuhi na kulivuka tena kila jioni. Aliondoka watoto wamelala, akarudi wamelala. Mdogo wao, mkewe alituambia baadaye, alizoea kumwita "baba wa Jumapili". Na Jumapili yenyewe baba alikuwa mchovu. Alikuja Misa ya kwanza, akarudi nyumbani kulala.

Usiku mmoja wa masika, baba akiwa safarini kikazi, mtoto yule mdogo alishikwa na homa kali, akaanza kutetemeka mwili mzima. Mama hakuwa na gari. Hakuwa na namba ya simu ya jirani hata mmoja. Kwa muda wa zaidi ya mwaka alikuwa amekaa nyuma ya ukuta ule, akienda sokoni na kurudi. Alimbeba mtoto mgongoni, akafungua lango, akavuka njia iliyojaa maji ya mvua, akagonga mlango wa kwanza aliouona: nyumba ndogo ya tofali za udongo, makao ya bibi mmoja wa Kigogo. Bibi yule hakuuliza maswali. Alimwamsha mjukuu wake mwenye pikipiki, akachukua khanga yake mwenyewe kumfunika mtoto, na kabla ya saa kupita walikuwa hospitalini. Bibi alibaki na wale watoto wengine wawili hadi asubuhi. Mtoto alipona. Ilikuwa malaria, na daktari alisema kwamba wangechelewa hadi kuche, lingekuwa jambo jingine.

Mama yule alikuja kwetu kuomba Misa ya shukrani, na ndipo tulipoisikia habari yote. Alituambia kwamba asubuhi ile alimshukuru bibi, akamwomba radhi kwa kuwa hawakuwahi kumsalimu. Bibi akamjibu kwa upole: "Mwanangu, siku ile ya kwanza mliposhusha mizigo nilikuja na kikapu cha mlenda mkavu, mpate mboga ya kuanzia. Niligonga, lango halikufunguliwa. Nikasema, labda kwao ndivyo desturi ilivyo."

Ndugu zetu, mama yule alilia alipotuambia hayo, lakini aibu kubwa ilikuwa yetu. Maana bibi huyo tulimfahamu. Alikuwa mwanajumuiya wetu wa miaka mingi. Jumuiya yake ilisali kila Alhamisi katika nyumba ya tatu kutoka lango lile. Sisi tulikuwa na barua ya baba ndani ya jalada, na tulikuwa na jina la bibi katika daftari la Jumuiya, navyo vyote viwili vilikuwa ndani ya kabati moja. Hatukuwahi kuviweka pamoja. Baba alituuliza mtaa mzuri ni upi. Nasi tulipaswa kumjibu kwamba katika mtaa ule yuko bibi fulani, na kwamba tutamtuma akupokee.

Tangu siku hiyo tumejifunza kulijibu swali lile kwa namna nyingine. Leo tunapenda kuwashirikisha ninyi mnaohama, na ninyi mnaowapokea wanaohama.

Kwanza, tuhesabu saa kabla ya kuhesabu vyumba. Tunapoonyeshwa nyumba, kwa desturi tunapelekwa na dalali, siku ya Jumapili au adhuhuri, njia ikiwa nyeupe. Tunashauri hivi: nenda katika mtaa huo siku ya kazi, alfajiri, upande chombo kilekile utakachopanda kila siku, mpaka mlangoni pa kazi yako, kisha urudi jioni. Halafu uketi na mwenzi wako muulizane: katika saa zinazobaki, watoto wetu watatuona lini? Tutasali pamoja saa ngapi? Chumba cha nne ambacho wenye nyumba hawana nafasi ya kuketi hakina faida. Baba yule alituambia kwamba, kama angechagua upya, angechukua vyumba viwili Ihumwa au Nzuguni, apate kula chakula cha jioni na wanawe.

Pili, tuulize maji, njia na haki ya mtu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni mikavu. Korongo linaloonekana kuwa njia ya mchanga mwezi wa Agosti hugeuka mto mwezi wa Januari. Mwulize habari hizo mama anayeteka maji, usimwulize dalali. Uliza zahanati iko wapi, na mtoto wa darasa la kwanza atavuka barabara gani kwenda shule. Na kama unanunua kiwanja, usitoe fedha kabla ya kuhakikisha katika ofisi ya ardhi na kwa serikali ya mtaa kwamba ni cha huyo anayekuuzia. Tumewaona wakristo wawili, wote wa parokia moja, wakigombea kiwanja kimoja walichouziwa na mtu mmoja, hata wakaacha kupeana amani katika Misa. Tena uliza jambo ambalo wengi hawaliulizi: aliyelima hapa zamani alilipwa? Mwenyezi Mungu, aliyelisikia shauri la Nabothi na shamba lake la mizabibu, anasikia hata leo. Nyumba iliyojengwa juu ya machozi ya mwenyeji haitakuwa na usingizi mtamu, hata ikiwa na hati.

Tatu, mume na mke wachague pamoja. Tunazifahamu nyumba nyingi ambamo mmoja alichagua na mwingine akaja kukaa, kama mzigo mwingine ndani ya lori. Anayebaki nyumbani siku nzima, au anayefanya kazi mbali na mwenzake, ana haki ya kusema neno kwanza. Siku hizi kuna jambo jingine. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa takriban saa nne, na familia nyingi zimeamua kwamba mmoja akae huku, wengine wabaki kule, wakutane mwisho wa juma. Hatuwalaumu. Kuna wenye mzazi mgonjwa asiyeweza kuhamishwa, kuna mtoto aliye katika mwaka wa mtihani, kuna mke ambaye kazi yake haihamishiki. Lakini tunawasihi: mambo ya muda yawekewe muda. Semeni tangu mwanzo: tutaishi hivi mpaka mwezi fulani, wa mwaka fulani. Isije ikawa kama Lutu, aliyepiga hema karibu tu, kisha miaka ikapita.

Nne, tuulize: jirani ni nani, na altare iko wapi? Miji yetu mingi bado ina mitaa inayoitwa Uzunguni na Uhindini. Majina hayo ni kumbukumbu ya wakati ambapo watu walitengwa kwa rangi, wachache wenye nafasi kubwa, walio wengi wamesongamana. Wakoloni waliondoka, je, mawazo hayo yameondoka? Tunapomsikia mkristo akisema, "Mimi siwezi kukaa na watu wa pale," tunakumbuka somo la pili la leo. Mtume Paulo alikuwa amepashwa habari na watu wa nyumba ya Kloe kwamba Wakorintho wamegawanyika, kila mmoja akijiita wa mwalimu wake. Nasi tumepata makundi yetu: huyu ni wa Area D, yule ni wa Chang'ombe, huyu ni wa kuja, yule ni mwenyeji. Paulo anauliza kama Kristo amegawanyika. Kila mmoja ajibu nyumbani kwake.

Kuwa na altare hakuna maana kwamba lazima tupange nyumba pembeni mwa kanisa. Abramu alijenga altare pale alipopiga hema. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, walikazia ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ili Kanisa liwepo mahali watu wanapoishi, katika nyumba kumi au ishirini zinazofahamiana kwa majina. Basi, juma la kwanza katika mtaa mpya, kabla hujatundika mapazia yote, uliza Jumuiya husali wapi na siku gani. Nenda, hata kama hujui nyimbo zao.

Sasa tunageuka kwa ninyi mlio wenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atajirike. Watumishi walipoanza kumiminika, baadhi yetu tulipandisha kodi hata wapangaji wetu wa zamani, wauza mboga na mafundi, wakalazimika kuhamia mbali zaidi. Wengine tunadai kodi ya mwaka mzima kwa kijana ambaye hajapokea mshahara wa kwanza. Mwenye nyumba ajiulize mbele ya Mungu: bei hii ningemdai mwanangu? Na kama mgeni hakufungua lango siku ya kwanza, tugonge siku ya pili. Bibi yule aligonga mara moja, akakata tamaa. Ametuambia mwenyewe kwamba hilo analijutia.

Nanyi makatekista, wasaidizi wetu wapenzi, tunawaomba mambo matatu yasiyohitaji fedha. Barua ya utambulisho ikifika, isilale katika jalada hata juma moja; iandikeni katika daftari pamoja na jina la mtaa, na siku hiyohiyo mpelekeeni habari mwenyekiti wa Jumuiya. Watu wawili wa Jumuiya wamtembelee mgeni kabla ya Jumapili ya pili; wasiende kudai michango, waende na salamu na kitu kidogo cha jikoni. Tena wamwachie namba tatu za simu: ya jirani, ya mwenye chombo cha usafiri, na ya zahanati. Mambo hayo matatu yangemsaidia mama yule usiku ule kuliko mahubiri yetu yote ya mwaka.

Ndugu wapendwa, mtatuuliza: familia ile ilihama? La, hawakuhama. Kodi ilikuwa imelipwa, na watoto walikuwa wamekwisha kuzoea shule. Umbali wa kwenda Mtumba haukupungua hata kidogo, na baba bado anaondoka gizani. Hilo tusilifiche: uchaguzi uliofanywa kwa macho tu bado wanaulipia kila siku. Lakini lango lile sasa hufunguliwa jioni, na Alhamisi kwa zamu Jumuiya husali humo ndani. Baba ameomba ruhusa ya kuwahi kutoka kazini siku moja katika juma, akapewa, na siku aliyoichagua ni Alhamisi. Bibi humfundisha mama kupika mlenda kwa namna ya Kigogo, na yule mtoto mdogo humwita "bibi wa usiku".

Kwa hiyo kwenu ninyi ambao mmekwisha kushusha mizigo, na labda hamkuchagua vizuri, au hamkupata nafasi ya kuchagua, tunawaambia msikate tamaa. Nabii Yeremia aliwaandikia barua watu waliopelekwa Babeli pasipo kupenda kwao, akawahimiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, na wauombee amani mji ule, kwa maana katika amani ya mji huo nao wangepata amani. Hawa hawakuchagua mtaa, lakini walichagua namna ya kuukaa.

Na ninyi ambao barua ya uhamisho mnayo mkononi na lori bado halijapakiwa, mnayo nafasi ambayo wengine hawakuipata. Leo jioni mketi, baba, mama na watoto walio na umri wa kusikia. Mweke mezani fedha mlizo nazo, saa za kazi, shule na maji. Kisha mweke mezani swali moja zaidi: katika mtaa huu, ni nani atakayeujua mlango wetu usiku, nasi tutaujua mlango wa nani? Mkiisha kujibu, ombeni pamoja, ndipo mmpigie simu mwenye lori.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeiacha Nazareti ukakaa Kapernaumu kati ya wavuvi na wagonjwa, uwatazame wote walio njiani siku hizi pamoja na watoto na mizigo yao. Uwaongoze mahali utakapokuwa jirani yao. Uwape wenyeji moyo wa kugonga, na wageni moyo wa kufungua. Nasi wachungaji utusamehe barua zote zilizolala katika kabati zetu. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.